KOMPYUTA KUUKUU ISIPOSHIKA MTANDAO
Somo la ufundi kutoka Chinsapo na Dzaleka, nchini Malawi

Askari wa mawasiliano hufundishwa tangu siku zake za mwanzo kwamba simu ya uwanjani inapokaa kimya, haanzi kwa kuvunja chombo. Huushika waya mkononi, akaufuata hatua kwa hatua kutoka kituo hadi kituo, mpaka afike pale ulipokatwa na shoka, ulipokanyagwa na gari au ulipoguguna panya. Kazi hiyo huchosha, lakini haina njia ya mkato.

Leo katika vituo vingi vya polisi, katika bohari na katika ofisi za makarani wa vikosi, simu ile ya uwanjani imepisha kompyuta ya mezani. Aghalabu kompyuta hiyo ni kuukuu. Ilikwisha kutumika ofisi nyingine kabla ya kufika hapo, na imeunganishwa na mtandao kwa waya mmoja unaotambaa ukutani. Siku inapokataa, ofisi nzima husimama. Taarifa ya mafuta haiendi, hesabu ya mishahara hairudi, na mwananchi aliyekuja kufuatilia shauri lake huambiwa maneno manne tuliyokwisha kuyazoea: "Hakuna mtandao, rudi kesho."

Ndugu wasomaji, mara nyingi mtandao upo. Kasoro imo ndani ya mita tatu kutoka kwenye kiti cha karani, nayo yaweza kuonekana kwa macho na kuondolewa bila gharama. Ili kulithibitisha hilo hatutatoa mfano kutoka maabara ya chuo kikuu. Tutautoa kutoka mahali ambapo umeme hukatika, fedha ni haba, na kompyuta mpya ni ndoto.

CHINSAPO NA DZALEKA

Wapiganaji wetu wanawafahamu vema Wamalawi. Tangu mwaka 2013 majeshi ya Tanzania, Malawi na Afrika ya Kusini yalisimama bega kwa bega katika Brigedi ya Kujibu Mapigo ya Umoja wa Mataifa huko mashariki ya Kongo. Novemba 2018, karibu na Beni, askari wa Malawi, Private Chancy Chitete, alipoteza maisha yake baada ya kumwokoa koplo wa Tanzania aliyejeruhiwa. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimtunuku marehemu nishani ya Kapteni Mbaye Diagne kwa ushujaa wa kipekee. Basi tunapoizungumzia Malawi tunazungumzia nyumba ya ndugu.

Chinsapo ni mtaa wa watu wengi katika jiji la Lilongwe, uliokua wenyewe kwa nyumba za matofali, vichochoro vyembamba na maduka madogo yasiyohesabika. Mbali kidogo, katika wilaya ya Dowa, mwendo wa kilometa zisizopungua arobaini kaskazini ya Lilongwe, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mahali hapo palikuwa gereza zamani za utawala wa Rais Hastings Banda, na jina lenyewe kwa Kichewa husemekana kuwa na maana ya mtu anayeapa kwamba hatarudia tena. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994. Ilikusudiwa watu wapatao elfu kumi hivi, lakini leo wamo zaidi ya elfu hamsini, wengi wao kutoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda. Kwa kuwa mataifa hayo yote yana watu wanaojua Kiswahili, lugha yetu ndiyo husikika sokoni, makanisani na vibarazani.

Jambo lisilofahamika na wengi ni kwamba Dzaleka ni mahali pa kompyuta. Mwaka 2010 Wajesuiti walianzisha hapo masomo ya juu kwa njia ya mtandao, na wakimbizi wakaanza kusoma na vyuo vilivyo ng'ambo ya bahari bila kutoka kambini. Baadaye kijana mkimbizi kutoka Burundi, Remy Gakwaya, akaanzisha kikundi cha kufundishana kuandika programu, na kazi hiyo ikapata msaada wa kampuni ya Microsoft na wa UNHCR. Vijana waliotoka katika madarasa kama hayo wamekuwa mafundi. Baadhi yao walishuka mjini, wakafungua vibanda vya kuchapa na kutoa nakala mitaani, Chinsapo ikiwamo.

JIONI MOJA YA MASIKA

Katika mojawapo ya vibanda hivyo tulisimama mwezi Februari, mwaka 2023, tukitaka kutolewa nakala. Mwenye duka alikuwa kijana wa Kikongo, mwenye Kiswahili cha Kivu. Wiki ile alikuwa amenunua kompyuta ya mtumba kutoka mnada wa ofisi fulani, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imeunguzwa na radi. Mbele yake aliketi mama mmoja mwenye bahasha mapajani. Mtoto wake alikuwa amemaliza shule ya sekondari, na fomu ya kuomba nafasi ya masomo ilipaswa kujazwa na kutumwa kabla ya saa sita za usiku ule ule. Simu ya mama ilikuwa ya vitufe. Simu ya fundi ilikuwa na intaneti, lakini kurasa za fomu ile hazikukubali kujazwa katika kioo kidogo. Ilibaki kompyuta, nayo haikushika mtandao.

"Mama, usiwe na haraka," fundi akasema. "Kwanza tuulize waya."

Tulikaa kutazama. Tuliyoyaona kwa muda wa saa mbili ndiyo tunayoyaandika hapa, pamoja na maelezo ya kwa nini kila hatua ilifuata nyingine.

SWALI LA KWANZA: UPANDE UPI?

Kabla ya kugusa chochote, fundi alitaka kujua kama kasoro iko nje au ndani. Alichukua simu yake, akaiunganisha na ruta ya duka lile lile, akafungua ukurasa wa habari. Ukafunguka. Kwa tendo hilo moja aliondoa nusu ya mashaka. Mnara ulikuwa hai, salio lilikuwapo, ruta ilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa kati ya ruta na kompyuta, au ndani ya kompyuta yenyewe.

Makarani wengi hulipita swali hili, wakapiga simu kwa kampuni ya mtandao kulalamika juu ya kosa lililo chini ya meza yao. Wapo pia wanaofanya kinyume chake, wakaifungua kompyuta kwa bisibisi hali kijiji kizima hakina mtandao. Yafaa kuuliza daima: je, chombo kingine kilichounganishwa hapa hapa kinafanya kazi? Kikifanya kazi, tafuta karibu. Kisipofanya, tafuta mbali.

TAA NDOGO YA KIJANI

Nyuma ya kompyuta, pale plagi ya waya wa mtandao inapochomekwa, huwa na taa ndogo moja au mbili. Taa hiyo huwaka pale tu kompyuta na kifaa kilicho upande wa pili, yaani ruta au swichi, vinapotambuana. Isipowaka, hakuna haja ya kufungua programu yoyote, kwa kuwa mwili wenyewe wa mawasiliano umekatika.

Kwa fundi wetu taa ilikuwa imezima. Aliishika plagi, ikamfuata mkononi bila kuzuia, maana kile kiulimi cha plastiki kinachoishikilia kilikuwa kimevunjika. Alileta waya mwingine. Taa ikawaka. Mama akapumua, lakini fundi akatikisa kichwa: "Bado, mama. Huyu ametupa salamu tu."

Waya wa mtandao si kitu cha ajabu. Mfumo wa Etheneti ulibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe pamoja na David Boggs katika maabara ya Xerox huko California. Mwaka 1990 ulitoka utaratibu wa kuutumia kwa nyaya nyembamba zilizosokotwa mbili mbili kama za simu, na ndio tunaoutumia hadi leo. Ndani ya ganda mna nyaya nane, yaani jozi nne. Kompyuta za zamani, zinazokwenda kwa kasi ya megabiti 10 au 100 kwa sekunde, hutumia nne tu kati ya hizo: ule wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa sita. Ukikatika mmoja wa hao, mawasiliano hufa. Kompyuta za kasi ya gigabiti huzihitaji zote nane.

Anayebana plagi mwenyewe na afuate mpangilio mmoja pande zote mbili, wala asibuni wake. Ule uliozoeleka zaidi ni huu: nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Na urefu wa waya kutoka kifaa hadi kifaa usizidi mita 100. Aliyevuta waya kutoka ofisi ya mkuu wa kituo hadi lango la nyuma, mita 140, asishangae mtandao ukija na kutoweka.

Taa isipowaka hata kwa waya ulio mzima, jaribu tundu jingine katika swichi. Isipowaka bado, shuku kadi ya mtandao. Hapo tuwaonye wenzetu wanaokaa penye radi nyingi. Radi haihitaji kupiga nyumba yenyewe. Mshindo wake huingia katika nyaya ndefu na kuunguza tundu la mtandao huku kompyuta ikiendelea kuwaka kama kawaida. Tundu likiungua halitibiki, lakini kompyuta haijafa. Kadi nyingine huchomekwa ndani ya kisanduku, au kifaa kidogo cha kuchomeka katika tundu la USB hufanya kazi hiyo hiyo. Lililo bora zaidi ni kuchomoa waya wa umeme na wa mtandao pia mawingu yanapokusanyika. Wengi huchomoa wa umeme peke yake, kisha radi ikaingia kwa mlango wa pili.

Kadi iliyochomekwa ndani yaweza pia kulegea au kushika kutu. Zima kompyuta, chomoa umeme, gusa chuma cha kisanduku ili kuondoa umeme ulio mwilini, kisha itoe kadi na usugue meno yake ya shaba taratibu kwa kifutio cha penseli. Irudishe hadi ikae barabara. Mara nyingi chombo kilichokwisha kuandikiwa barua ya kuteketezwa hufufuka kwa kifutio hicho.

ANWANI YA OFISI YA ZAMANI

Baada ya taa kuwaka, fundi aliandika katika dirisha jeusi la amri neno ipconfig. Kompyuta ikamwonyesha anwani yake, yaani ile namba ambayo kwayo hutambulikana mtandaoni kama askari kwa namba yake ya jeshi. Hapo fundi akatabasamu. Ruta yake ilikuwa ikitoa anwani zinazoanza na 192.168.1, na kompyuta ile ilikuwa imeshikilia anwani inayoanza na 10.

Maana yake ni nini? Ile ofisi ya kwanza ilikuwa imeipangia kompyuta anwani maalumu kwa mkono, nayo ilikuja Chinsapo na anwani hiyo hiyo. Ilikuwa mfano wa askari aliyehamishwa kikosi lakini kila asubuhi anakwenda kujipanga katika gwaride la kikosi cha zamani. Hakosi kuwapo, walakini hakuna anayemwita jina.

Tiba yake ni fupi. Katika mipangilio ya kadi ya mtandao huchaguliwa kwamba anwani ipokewe yenyewe kutoka kwa ruta, na anwani ya seva ya majina ipokewe hivyo hivyo. Hilo la pili husahaulika sana. Kadhalika katika kivinjari hutazamwa kama kuna seva ya kupitishia iliyoachwa na wenye mali wa kwanza, nayo huondolewa. Lakini tuwe waangalifu: kanuni hii ni ya duka na nyumbani. Katika ofisi zetu yapo mahali ambapo anwani hupangwa kwa mkono kwa makusudi, na hapo asiyeruhusiwa asibadili hata tarakimu moja. Akijipa anwani iliyo ya mwenzake, kompyuta mbili zitagombana na zote mbili zitayumba.

Ipo alama nyingine inayofaa kukaririwa. Anwani ikianza na 169.254, maana yake ni kwamba kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe ya muda. Hapo usiihangaikie kompyuta. Tazama kwa nini ombi halikumfikia mgawaji: pengine ruta imeganda na yahitaji kuzimwa na kuwashwa, pengine waya una ufa, pengine swichi imepoteza umeme. Na ikiwa ofisi nzima imeganda kwa pamoja, kagua kama mtu hakuchomeka ncha zote mbili za waya mmoja katika swichi ile ile. Habari huanza kuzunguka humo bila mwisho, zikaziba njia ya kila mtu. Mhudumu anayefagia na kuokota waya ulioanguka, akauchomeka panapoonekana tundu, ameweza kufunga ofisi ya watu thelathini bila kujua.

Kasoro nyingine ya mashine kuukuu ni mwendo wa kobe hali taa inawaka. Baadhi ya kadi za zamani zilipangwa kwa mkono kwamba zitume na kupokea kwa wakati mmoja, huku swichi ikisubiri maelewano ya hiari. Swichi isipopata maelewano hudhani daraja ni la gari moja, ikatuma kwa zamu. Upande mmoja unapita bila kusubiri, wa pili unasubiri zamu, na habari hugongana darajani. Rudisha kadi katika maelewano ya hiari, na mwendo utarejea.

KUPIGA HODI KWA HATUA

Fundi alipokwisha kupata anwani mpya, alitumia amri ya ping, ambayo kazi yake ni kupiga hodi na kungoja jibu. Hakupiga hodi mbali mara moja. Alianza na 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta kujipigia hodi yenyewe; ikajibu. Akafuata anwani ya ruta, ikajibu. Akafuata 8.8.8.8, seva maarufu iliyo nje kabisa, ikajibu. Mwisho akapiga hodi kwa jina la tovuti badala ya namba, likajibu.

Utaratibu huu una faida ya kuonyesha mpaka. Ukijibiwa na ruta lakini si na namba ya nje, kasoro iko baada ya ruta, na sasa ndipo uwapigie wenye kampuni. Ukijibiwa na namba ya nje lakini si na jina, njia ni nzima, ila kitabu cha majina ndicho kilichopotea; rekebisha seva ya majina. Usipojibiwa hata na ruta, rudi kwenye waya na anwani. Kila jibu linakueleza uende mbele au urudi nyuma, wala hubahatishi.

Kule Chinsapo majibu yote yalikuja. Kwa hesabu ya kawaida kazi ilikuwa imekwisha. Fundi akafungua ukurasa wa fomu, na badala ya fomu likaja onyo kwamba uunganisho huo si salama.

SAA ILIYOSIMAMA

Wakati huo giza lilikwisha ingia. Kijana msaidizi wa duka akasema kwa haraka, "Bonyeza tu pale palipoandikwa endelea." Fundi akamzuia. Fomu ile ilikuwa na vyeti vya mtoto, namba ya utambulisho wa familia na anwani yao. Onyo la namna hiyo laweza kumaanisha kwamba mtu amejipenyeza njiani. Hakuna ruhusa ya kulipuuza kabla ya kujua sababu yake.

Akaitazama pembe ya chini ya kioo, mahali ambapo watu wachache hutazama. Saa ya kompyuta ilisema tarehe 1 Januari 2009.

Tueleze. Ndani ya kila kompyuta ya mezani, juu ya ubao mkuu, kuna betri bapa mfano wa kitufe cha koti, yenye volti 3, ambayo huandikwa CR2032. Kazi yake ni kuiendesha saa umeme unapokuwa umezimwa. Hudumu miaka kadhaa, kisha hufa kimya kimya. Ikifa, kila mara umeme ukatikapo kompyuta hurudi katika tarehe ya kiwandani. Sasa tovuti salama hujitambulisha kwa hati zenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayoamini kwamba ni mwaka 2009 huitazama hati iliyotolewa mwaka 2023 na kusema: hati hii haijaanza kutumika. Basi huikataa. Mtu aliye mbele ya kioo husema mtandao umekufa, ingawa hakuna kilichokufa ila betri ya bei ya chakula cha mchana.

Fundi akaweka tarehe na saa kwa mkono. Ukurasa ukafunguka bila onyo. Mama akaanza kusoma majina katika vyeti, na fundi akawa anaandika. Walipofika ukurasa wa nne, umeme ukakatika mtaa mzima.

Tulidhani mambo yameharibika. Malawi imepata taabu ya umeme kwa miaka mingi, na Januari 2022 kimbunga Ana kilikuwa kimeibomoa sehemu ya kituo cha Kapichira kilichokuwa kikitoa karibu theluthi moja ya umeme wa nchi. Tulikaa gizani kwa dakika zipatazo hamsini. Umeme uliporudi, onyo lile lile lilitokea tena, na tarehe ikawa tena ya mwaka 2009. Msaidizi akashika kichwa. Fundi hakushika kichwa, kwa kuwa sababu alikwisha kuijua. Akarekebisha saa kwa muda usiofika dakika moja, akaingia tena, akakuta kurasa tatu za kwanza zimehifadhiwa, akaendelea. Saa nne na robo za usiku fomu ilikuwa imekwenda, na mama akakabidhiwa karatasi ya uthibitisho. Asubuhi yake betri mpya ilinunuliwa sokoni.

Kama fundi angalibonyeza "endelea" kwa kubahatisha, na tuseme ikakubali, umeme ulipokatika asingalijua cha kufanya mara ya pili.

KASORO ISIYO YAKO

Mwezi uliofuata, tarehe 27 Machi 2023, serikali ya Malawi ilitangaza amri kwamba wakimbizi walio mijini na vijijini warejee Dzaleka. Hayo ni mambo ya sheria za nchi ile, na si kazi ya makala haya kuyapima. Tunachojua ni kwamba kibanda kile cha Chinsapo kilifungwa, na kompyuta yake ikapakiwa pamoja na magodoro na masufuria kwenda kambini.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika katika pwani ya kusini ya Afrika. Tanzania ilipata pigo kubwa, na Malawi nayo ikaguswa, kwani nchi isiyo na bahari hutegemea nyaya za majirani. Siku hiyo maofisi mengi katika nchi zetu yalihangaika kubadili nyaya, kuzima ruta na kufuta programu, mpaka mengine yakaharibu yaliyokuwa mazima. Aliyefuata utaratibu tuliouona Chinsapo alikuwa na nafuu: taa inawaka, anwani ni sahihi, ruta inajibu, nje hakujibiki, na simu ya jirani nayo haipati. Basi kasoro haiko kwake. Huyo hufunga dirisha la amri, akaandika taarifa kwa mkono, na kusubiri. Kujua wakati wa kutogusa ni sehemu ya ufundi.

MASHINE KUUKUU NA USALAMA

Kwa wasomaji wetu wa sare yapo mambo matatu ya kuongezea.

Kwanza, mfumo wa Windows XP uliacha kupata marekebisho ya usalama mwaka 2014, Windows 7 mwaka 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025. Mashine yenye mfumo uliokoma yaweza kushika mtandao vizuri kabisa na bado ikawa mlango wazi kwa adui. Tovuti nyingine zitaikataa hata saa ikiwa sahihi, kwa sababu haijui njia mpya za kufunga siri. Mashine ya namna hiyo isitunze mashauri wala orodha za askari ikiwa imeunganishwa na nje. Palipo na fundi, yawezekana kuiwekea mfumo huru mwepesi wa Linux ikaendelea kutumika kwa usalama zaidi.

Pili, kadi ya mtandao ikikosa programu yake kiendeshi, programu hiyo hulazimu kuletwa kwa flashi kutoka kompyuta nyingine. Ichukuliwe kwa mtengenezaji mwenyewe, na flashi ikaguliwe kwanza. Flashi ya kuazima mitaani haina nafasi katika chumba cha operesheni.

Tatu, kila kituo kiwe na daftari. Humo iandikwe anwani ya kila kompyuta, tundu la swichi inamochomekwa, tarehe betri ilipobadilishwa, na kasoro zilizowahi kutokea pamoja na tiba zake. Karani akihamishwa, ajuaye na asiyejua watasoma ukurasa mmoja. Gharama yake ni daftari na kalamu.

Tufupishe basi kwa ajili ya kubandikwa ukutani. Uliza kama wengine wanapata. Tazama taa. Badili waya, kisha tundu. Soma anwani. Piga hodi kwako, kwa ruta, kwa nje, halafu kwa jina. Tazama saa. Fanya badiliko moja tu kwa wakati mmoja, na lisiposaidia lirudishe lilivyokuwa kabla ya kujaribu jingine. Ukiyamaliza hayo yote bila mafanikio, mwite fundi wa mawasiliano na umsomee uliyoyaona kwa utaratibu huo huo. Utakuwa umempunguzia nusu ya kazi, na mwananchi aliyekaa benchini akingoja shauri lake hataambiwa arudi kesho pasipo sababu.